Milio Miwili ya Opereta

Ungeingia duka lolote la maana mjini Kakamega miaka ile, asubuhi watu wakiwa ndio wanafungua, ungemkuta mwenye duka ameketi mbele ya simu yake ya mezani, mikono ameikalia. Sikutanii. Watu wazima, wenye malori na wakwe na viti vyao vya mbele kanisani, waliweka viganja chini ya mapaja wakaikodolea macho simu inayolia. Ikilia mara ya kwanza, mabega yanapanda. Ikilia mara ya pili, wanauma midomo. Ikinyamaza, wanashusha pumzi na kumgeukia karani: haya, barua imeingia, unganisha mashine.

Aliyetufundisha kukalia mikono ni Opereta.

Jina alikuwa nalo, na kanisani walilitumia, lakini mjini hakuna aliyelihitaji. Alikuwa opereta wa simu zamani, enzi za kuomba namba kwa mdomo na mwanamke fulani asiyeonekana kukuunganisha kwa waya. Mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilipofika, yeye na wenzake walishukuriwa wakaambiwa waende nyumbani. Wenzake walikwenda. Yeye alikodi chumba cha juu katika jengo lililokuwa na fundi cherehani chini, akaingiza kompyuta, betri ya lori, laini za simu na kiti chenye mto, akaanza kupokea baruapepe za wafanyabiashara. Mimi nilikuwa karani wa Haji, mtu wa Mumias aliyeuza vipuri vya matrekta ya miwa, na duka letu lilikuwa ng'ambo ya barabara. Dirisha lake na mlango wetu vilitazamana. Ndiyo maana naweza kumsimulia mtu ambaye wengine walimjua kwa sauti tu.

Kijana wa leo anayeguna video ikikwama kidogo hawezi kuelewa mtandao wetu ulivyokuwa. Haukuwa kitu cha kukaa. Ulikuwa mgeni wa kubisha hodi na kuondoka. Mashine ya Opereta ilipiga simu Nairobi, ikapiga kelele zake za paka aliyekanyagwa mkia, na ikibahatika kushika, ilivuta barua za wateja wote kwa mkupuo kabla laini haijakatika. Barua zikakaa kwake, kila mtu na foleni yake. Kisha ilibidi kila mteja naye apige simu kwa mashine ya Opereta, kwa modemu yake mwenyewe, achukue zilizo zake. Sasa mteja atajuaje kwamba kuna kitu cha kuchukua? Asubuhi nzima angepiga bure, na simu haikuwa ya bure. Hapo ndipo Opereta alipobuni milio miwili. Akikupigia, ikilia mara mbili ikakatika, barua ipo. Usishike. Ukishika tu, simu imehesabiwa.

Miaka mingi baadaye, simu za mkononi zilipokuja, nchi nzima ilijifunza kumpigia mtu na kukata kabla hajashika, wakaona wamevumbua kitu. Sisi wa Kakamega tulikuwa tumeshahitimu.

Lakini kuhitimu kwenyewe kulikuwa na kazi, maana mtu wa huku hawezi kuacha simu ilie. Simu ni mtu amekuja. Mtu akija, unamwitikia, unamwamkia kwa mulembe ya Kiluhya, unamwuliza ameamkaje, watoto, mifugo, mvua ya kwao. Wateja wapya wote walifanya kosa lile lile: simu ikilia wanairukia, wanaanza salamu ndefu na mashine ya Opereta ikitoa miluzi upande wa pili. Mwenye hoteli mmoja aliisalimia modemu mpaka akaiuliza hali ya wazee. Opereta alisikiliza yote hayo kwa spika, akingoja amalize, kisha akachukua mkono wa simu mwenyewe akasema kwa upole uliotisha kuliko ukali, "Baba, simu si mtoto. Iache ilie."

Siku iliyofuata alimwita mwenye hoteli ofisini, akamketisha kwenye benchi, akamwambia akalie mikono yake. Kisha akapiga simu ya pili iliyokuwa mezani, ikalia mbele yao, na mzee wa watu akajikunjakunja kama anayebanwa na haja. Alimrudia hivyo mpaka akazoea. Mimi pia nilifundishwa vile, na Haji pia, ingawa Haji alisema dini yake haikuwahi kumruhusu mtu apigiwe hodi asijibu.

Nikisema nilimstaajabia, watu hudhani nazungumzia kompyuta. Kompyuta aliijua kiasi cha kumtosha, na ikimshinda alimwita fundi kutoka Kisumu bila kuona haya. Kilichonishangaza mimi ni sikio lake. Alikaa na kichwa amekiinamisha kidogo upande, modemu ikilia mbele yake, na kabla ile kelele haijafika katikati alishajua. "Imeshika," alisema, akachukua kikombe chake cha chai. Au alisema, "Huyu ananidanganya," akaikata mwenyewe, na ungengoja uone kama kweli ingekatika, ungepoteza muda wako. Aliweza kuzijua modemu za wateja kwa milio yao. Yetu, alisema, ilikuwa na mafua. Ya kiwanda cha uchapishaji ilikuwa na majivuno. Aliwahi kumwambia mama mmoja wa vifaranga, wa huko Lugari, kwamba laini ya kwake ilikuwa imeingiwa maji mahali fulani njiani, na mafundi walipokuja kuikagua walikuta nguzo imeangukia mkondo wa maji.

Sauti yake yenyewe ilikuwa kubwa. Aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lake, na wenzake walilalamika kwamba hakuna aliyesikia sauti ya pili tangu ajiunge. Alivaa kofia. Hakuna siku nilimwona barabarani bila kofia, na shingo yake aliibeba wima kana kwamba amebeba mtungi. Na mwanamke huyo huyo wa kofia na kwaya alipenda ng'ombe wa kupigana kuliko kitu chochote duniani. Jumamosi ikiwa na mashindano huko Khayega, ofisi haikufunguliwa. Wateja tuliketi na mikono yetu tukiikalia bure, na yeye alikuwa kwenye umande, amefunga leso kiunoni, akikimbia na ngoma za isukuti nyuma ya fahali wa watu. Haji alimuuliza siku moja kama kanisa lake linakubali. Akajibu kwamba kanisa linajua yuko wapi na halijawahi kumtuma mtu kumwita.

Alikuwa mmbea pia. Nasema kwa heshima, lakini alikuwa mmbea. Ukipanda kwake kupeleka diski, ungeshuka unajua fahali wa nani amevimba goti, nani alikosea noti kwenye ibada, binti wa nani ameposwa Musanda na mahari imekwama wapi. Alikuwa na habari za mji mzima, na alizigawa kwa mkono uliokunjuka.

Isipokuwa zilizopita kwenye waya. Hizo hakuzigusa. Wafanyabiashara wawili walioshindania zabuni moja waliletewa majibu yao na Opereta yule yule, na wote wawili walilala usingizi. Mtu akimtania, amdokezee tu kama barua ya fulani imeingia, alimwangalia mpaka akajutia mdomo wake. Nilimuuliza mwenyewe, mara moja, kama hajawahi kutupia jicho. Zilikuwa hapo, mbele yake, siku nzima. Akaniambia, "Sina macho ya kazi hiyo," na akaniuliza kama nimesikia habari za yule fahali wa Malinya. Nilidhani ni uaminifu wa kikazi tu, ule wa kuapishwa. Haikuwa hivyo, lakini nilikuja kujua nimeshaota mvi.

Kitu kingine alichokuwa mkali nacho ni mawingu. Kakamega mvua huja mchana, kila mtu anajua. Jua linawaka asubuhi, halafu baada ya chakula upande wa msitu unaanza kuwa mweusi, na radi za huku hazina adabu. Radi ilimchomea modemu yake ya kwanza. Hakuitupa. Aliitundika ukutani kwa msumari, juu ya meza, na wageni wakiuliza alisema, "Huyo alifia kazini." Tangu hapo, msitu ukianza tu kunyamaza, alisimama, akachomoa nyaya zote za simu, akatundika kitambaa chekundu nje ya dirisha. Mtaa mzima ulisoma kitambaa kile. Kikining'inia, hakuna barua, hata uje na nani.

Haji hakupenda kitambaa. Aliagiza vipuri ng'ambo, na matrekta ya watu yalikuwa yamelala mashambani yakingoja, miwa ikikauka. Mara kadhaa alinituma kwa Opereta nikambembeleze afungue kidogo tu, wingu bado liko mbali. Alinirudisha kila mara. Siku moja alinipa ujumbe wa kurudi nao. "Mwambie Haji radi haijui kama ni yeye." Nilimfikishia neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa kijana na nilitaka kuona uso wake. Haji alicheka mpaka akatoa miwani. Kuanzia hapo waliheshimiana, kwa ukali wao wote wawili. "Barua haiozi, Haji," alikuwa akimwambia wakikutana, na Haji alijibu kwamba miwa inaoza.

Haji alikuwa na binti mmoja. Alikuwa wa sekondari wakati ule, mwembamba, mwenye maneno ya haraka, aliyekuja dukani siku za likizo na kunipanga mimi na rafu zangu. Kumbe moyo wake ulikuwa na tundu tangu utotoni. Ulipoanza kumzidi, madaktari walisema apelekwe India akapasuliwe. Mama yake alisafiri naye. Haji alibaki, kwa sababu nauli haikutosha watu watatu, na akawa akifungua duka kila siku na kusimama katikati yake bila kuuza kitu. Simu za India hazikushikika, na zikishika husikii ila mwangwi wako. Kwa hiyo walipatana: mama atatuma neno kwa kompyuta ya pale hospitalini, kwa anwani ya duka. Siku ya upasuaji ilijulikana. Neno lingekuja mchana wetu.

Haji alipanda ngazi za Opereta mwenyewe kumweleza. Sikujua alisema nini huko juu. Nilimwona akishuka, na dirishani nilimwona Opereta amesimama, kofia kichwani, akimwangalia mpaka alipovuka barabara.

Siku yenyewe ilianza na jua. Kufikia chakula cha mchana, upande wa msitu ulikuwa mweusi kuliko nilivyokuwa nimeuona mwaka huo. Upepo ulipita na vumbi la barabara ya Mumias, wanawake wa sokoni wakaanza kufunika nyanya zao. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama dirisha. Opereta alikuwa hapo. Kitambaa chekundu kilikuwa mkononi mwake, nakiona. Ngurumo ya kwanza ikapita. Alitazama juu, akatazama mlango wetu, akaingia ndani na kitambaa chake.

Fundi cherehani wa chini alitoka nje, akatazama dirisha, akanitazama mimi. Mwenye duka la dawa naye akatoka. Radi ilimulika paa zote za mabati na kitambaa hakikutoka. Sijui nikuelezeje ilivyokuwa. Tulikuwa tumezoea kuona jua likichelewa kuliko kile kitambaa.

Ndipo simu ikalia. Haji alikuwa ameikalia mikono tangu asubuhi, lakini mwanadamu ana mwisho wake. Mlio wa kwanza haujaisha, ameshashika.

"Mama, ni wewe? Imekuja?"

Sauti ya Opereta ilisikika mpaka nilipokuwa. "Imekuja. Kata simu, Haji, uivute."

"Nisomee."

Mvua ilianza kupiga mabati.

"Nisomee, kwa jina la Mungu. Neno moja tu. Yuko, ama hayuko?"

"Sijui," Opereta alisema. "Na sitajua kabla yako. Weka simu chini, baba."

Aliiweka. Nikakimbilia mashine, nikapiga. Modemu yetu yenye mafua ililia, ikashika, na nikaona mstari ukianza kujaa kwenye kioo. Kisha mwanga ukajaa dukani, na ngurumo yake papo hapo, na mstari ukafutika. Nilipiga tena. Haikushika. Nilipoinua mkono wa simu, ndani hapakuwa na sauti yoyote, kimya cha kisima. Laini ilikuwa imekufa. Haji alisimama aende mwenyewe, akaishia kuketi juu ya tairi za trela tulizokuwa tumezipanga pembeni. Nikavaa kofia nitoke.

Sikufika mlangoni. Ng'ambo, kitambaa chekundu kilikuwa sasa kimetundikwa, kinapigwa na mvua. Na chini yake, kwenye mlango wa ngazi, ametoka Opereta.

Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kumwona akivuka barabara ile saa za kazi. Watu walimwendea; yeye hakumwendea mtu. Sasa alikuwa na mwavuli wa kwaya, bahasha ameibana ndani ya sweta, akisimama kando kungoja trekta la miwa lipite na matrela yake yote. Nilimtazama usoni. Nilitafuta pale jibu, kama wanafunzi wanavyotafuta namba zao ubaoni. Shingo yake ilikuwa wima kama siku zote. Macho hayakusema kitu. Alikuja hivyo hivyo, matope yakimrukia miguuni, akaingia, akampa Haji bahasha kwa mikono miwili. Kisha akamgeuzia mgongo, akatazama rafu ya fani-belti.

Vidole vya Haji vilishindwa na gundi. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Aifungue mwenyewe," Opereta alisema bila kugeuka.

Aliirarua. Alisoma midomo ikicheza. Nilisikia mvua, nikasikia pumzi yake, kisha nikasikia akisema alhamdulillahi, kwa sauti ndogo, mara nyingi, na machozi yakaingia kwenye ndevu. Binti alikuwa ameamka. Alikuwa ameuliza kama baba yake amekula.

Hapo Opereta akageuka. Na mwanamke yule aliyekuja kama ukuta alilegea mbele ya macho yangu. Aliketi juu ya tairi karibu na Haji, kofia imelowa, mikono ikimtetemeka hata nikauchukua mwavuli kabla haujaanguka. Aliniomba chai. Nilipomletea kikombe, alikishika kwa viganja vyote viwili na bado chai ilimwagika. Ndipo nilipojua kwamba hakuwa amesoma. Mtu aliyevuka barabara na habari njema kifuani hatetemeki vile. Alikuwa ameibeba bila kujua amebeba uhai au maiti, na aliibeba na shingo wima ili Haji, akimwona mlangoni, asidhani lolote.

Baadaye alimweleza Haji alivyofanya. Alizima kioo cha kompyuta. Vidole vilijua vitufe vyenyewe, mashine ikachapa gizani, akaipokea karatasi kwa nyuma na kuikunja. Radi iliyoua laini yetu ilikuwa imepita pia kwake, na kesho yake kulikuwa na modemu ya pili ukutani. Mji ulikaa bila barua mpaka nyingine ilipoletwa, watu wakanung'unika. Aliwaambia barua haiozi. Kuhusu ile ya pili alisema tu, "Huyu hakufa bure," na hakutaka izungumzwe tena.

Siku zilikwenda. Simu za mkononi zikaja, nyaya zikaibwa nguzoni zikayeyushwa, wateja wakampungukia mmoja mmoja, kila mmoja akiaga kwa aibu kana kwamba anahama kanisa. Hakuwakunjia uso. Haji alikataa kuhama. Alisema hana haja na barua inayofika bila kubisha. Alikuwa mteja wa mwisho mpaka alipofariki, na Opereta alikuja mazikoni Mumias amejifunika ushungi kwa heshima, kofia ameishika mkononi. Duka sasa ni la binti. Anaagiza vipuri akiwa amesimama kwenye kaunta, kwa kidole gumba, na bado ananipanga mimi na rafu zangu.

Nilimwona Opereta mwaka huu, msimu wa mvua ndefu. Binti wa Haji alinituma Navakholo nimpelekee sukari na salamu, maana tulisikia macho yanamsumbua. Boda boda iliniacha kwenye lango la michongoma. Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti chenye mto, kofia kichwani ndani ya nyumba yake mwenyewe, redio ikiimba kwaya ambayo alikuwa akiisahihisha.

Nilisimama mlangoni bila kusema. Alinyamazisha redio, akainamisha kichwa upande.

"Karani wa Haji," alisema. "Ingia. Bado unaburuta mguu wa kushoto."

Tulisalimiana sana. Aliuliza habari za kila mtu, akanipa za fahali wa Navakholo zima, mjukuu wake akatuletea chai na njugu kisha akaenda kuchuma mboga za mrenda. Alikuwa haoni. Aliniona kama kivuli mlangoni, alisema, na siku nyingine hata kivuli hakuna. Walimpeleka kliniki ya macho, wakampiga picha ndani ya jicho, wakasema daktari mkubwa ataziangalia, kisha jibu litumwe kwa simu: kama macho yanaweza kupasuliwa akaona, au basi.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa simu, akaiweka mezani katikati yetu.

"Iliingia asubuhi," alisema. "Nimesikia mlio."

Nilimuuliza mbona mjukuu hakumsomea. Yuko pale, amesoma, anampenda.

"Angesoma kwa macho," alisema, "halafu angeniangalia. Na mimi ningekaa hapa, habari yangu iko kwa mtu mwingine." Akaisukuma simu upande wangu. "Wewe ulinidhania naogopa kiapo cha kazi."

Ndipo aliponieleza. Zamani, kwenye mitambo ya mkono, aliunganisha simu kutoka mbali kwenda kwa chifu mmoja, na kabla hajatoa sikio lake akasikia kwamba mtu fulani amekufa ajalini. Alimjua mke wa marehemu. Zamu ilipoisha akapita sokoni, akamkuta mke yule anachagua samaki.

"Alinisalimianga vizuri sana, yule mama. Akaniuliza watoto wangu wako aje. Akacheka. Mimi najua bwana yake hayuko, yeye hajui. Nilibeba kitu yake kwa roho yangu kama nimeiiba. Nikasema, Mungu, usinipe tena habari ya mtu kabla yake."

Nilifikiria barua zote zilizopita mbele ya macho yale, miaka yote ile, na aibu na heshima vikanijaa pamoja. Nilimstahi mtu huyu tangu ujana bila kumjua nusu yake.

"Sasa wewe," alisema, "nisomee. Lakini usitangulize macho. Soma neno, litoke, ndio uende kwa lingine. Tujue pamoja."

Nilichukua simu. Nikaifungua, nikafunika kioo kwa kiganja, nikaacha mstari wa juu tu. Nilipoinua uso kidogo nikaona amesogea mbele kwenye kiti, shingo wima, na mikono yake ameikalia.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Macho ni mbwa. Ukiyafungia huku, yanachungulia kule. Nilisoma salamu za kliniki. Nilisoma jina lake la kanisani, ambalo sikuwa nimelitamka maishani mwangu. Nilishusha kiganja kidogo, nikasoma kwamba daktari ameangalia picha. Nikashusha tena.

"Jicho la kulia," nilisoma, "haliwezi kurudi."

Kiganja changu kilisimama hapo. Tulikuwa tumejua pamoja, na ilikuwa nzito kwa wawili.

"Endelea," alisema. "Haijakatika."

Nilishusha kiganja. "La kushoto linaweza kupasuliwa. Uje na mtu wa kukusindikiza."

Chini yake hapakuwa na kitu. Nilimwambia imeisha. Akatoa mikono chini ya mapaja, akanyoosha vidole kimoja kimoja, akaishusha kofia yake magotini. Machozi yalimtoka katika macho yote mawili, lile la kurudi na lile la kubaki, na hakuyafuta.

"Moja linatosha," alisema. "Kutazamia mawingu."

Kisha akaniambia ninyanyuke nichomoe waya wa redio ukutani, na wa televisheni pia, upesi. Nilikwenda nikachomoa. Nje jua lilikuwa linawaka, na mimi sikuwa nimesikia ngurumo yoyote.